Kesi ya Nywele za Chiku

Ipo nchi moja ambayo msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani, maana ramani zote zimekunjwa hapo hapo ilipo. Inaitwa Jamhuri ya Wastani. Ni nchi njema, ina mito, ina barabara, ina mawaziri kupita mahitaji, na sifa yake kubwa kuliko zote ni kwamba ndani yake hakuna mtu anayeshindana na mtu. Gazeti ni moja. Mkate ni wa aina moja, na wananchi wameuzoea. Timu ya mpira nayo ni moja. Kila Jumapili huingia uwanjani kucheza na goli tupu, na mashabiki hurudi nyumbani wameridhika, hasa siku timu yao inaposhinda.

Amani hiyo ililetwa na Mtukufu Rais mwenyewe, kwa hotuba.

"Ndugu wananchi," alisema siku hiyo, "kushindana ni nini? Ni watu wawili kutaka kitu kimoja. Na watu wawili wakitaka kitu kimoja, inakuwaje?"

"Wanagawana!" akaitikia mzee mmoja wa nyuma, ambaye muda mfupi baadaye alisaidiwa kutoka uwanjani.

"Wanapigana!" akasema Mtukufu Rais. "Sasa mimi, mpenda amani, nikae kitako nikitazama watu wawili wakiuza vitumbua katika mtaa mmoja huku wanakodoleana macho? Sitakubali! Damu ya muuza vitumbua haitamwagika katika utawala wangu!"

Wauza vitumbua walilia. Bunge nalo likapitisha sheria kwa kauli moja, kwa kuwa kauli ya pili ingekuwa ushindani. Kuanzia hapo kila mkataba wa kazi ulitakiwa kuwa na kifungu cha kutoshindana: mtu akiacha kazi kwa mwajiri wake, basi asiifanye kazi ile mahali pengine, wala kwa mwajiri mwingine, wala barazani kwake. Waajiri waliipokea sheria kwa unyenyekevu mkubwa. Wengine walisali.

Mwantumu Pazi hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa msusi. Alijifunza kusuka kwa mama yake kabla hajajua kusoma, na alipokuwa msichana mkubwa wanawake walikuwa wakimfuata kutoka mitaa ya mbali wakiwa wamevaa vilemba, wakaondoka wamevishika mkononi ili vichwa vionekane. Basi Kampuni Tukufu ya Nywele ilipofungua saluni zake nchi nzima, ilimwajiri mapema, na Mwantumu akasaini mkataba mnene kama godoro la mtoto. Aliyempa kalamu alimwambia kwamba humo ndani mna mambo ya kawaida tu. Akasaini kila ukurasa, akaingia kazini.

Mkurugenzi Mkuu wa Kampuni Tukufu ya Nywele alikuwa Bwana Ladislaus Mkumbwa, mtu mpole ambaye kichwa chake hakikuwa na unywele hata mmoja. Alipoulizwa na gazeti imekuwaje mtu kama yeye akapewa kampuni kama ile, alijibu kwamba ndiyo maana hasa alipewa, kwa kuwa hana maslahi binafsi.

Kwa muda kazi ilikwenda vizuri. Kisha Bodi ikakaa hotelini na kugundua kuwa misuko mingi inawachanganya wateja. Ikaamuliwa kwamba tangu hapo kampuni itasuka msuko mmoja tu, mistari iliyonyooka kwenda kisogoni, utakaoitwa Msuko wa Wastani. Ulikuwa ni ule ule ambao wanawake tangu zamani wanauita twende kilioni, ila sasa ulikuwa na nembo.

Mwantumu alivumilia. Alisuka twende kilioni asubuhi, mchana na jioni, kwa bibi harusi na kwa mfiwa, kwa mwanamuziki na kwa mtawa. Vidole vikaanza kumwuma kwa uchovu wa kutofikiri. Siku moja mteja alimwomba kwa sauti ya chini, "Dada, nipindie kidogo tu pale kwenye sikio." Mwantumu akapinda. Msimamizi akaona, mteja akafumuliwa mbele za watu.

Jioni hiyo Mwantumu alimwambia rafiki yake wa kiti cha jirani, "Siwema, mimi naacha kazi."

Siwema Mlekwa alikuwa msusi hodari, mcheshi, mwoga. Akamtazama kama mtu aliyesikia mwenzake anakwenda kuoga na mamba. "Shoga, humu ndani watu hawaachi kazi. Utakula nini?"

"Nitasuka nyumbani."

Siwema akaangalia kushoto na kulia, akarudia kuchana kichwa kilichokuwa mbele yake.

Ofisi ya utumishi ilishangaa vilevile. Afisa wa zamu alitafuta sababu za mtu kuondoka kazini, akakuta mbili tu. "Umestaafu?" akauliza. Mwantumu akasema hapana. "Umefariki?" Mwantumu akasema bado. Wakabishana sana, mwishowe afisa akamwandika kuwa amefariki kwa muda, akamgongea mhuri, akamwambia pole.

Nyumbani Mwantumu alikuwa anaishi na binti yake mmoja, Chiku, mtoto wa darasa la tatu mwenye maswali mengi na nywele nyingi. Hakupata hata nafasi ya kutandika mkeka barazani, maana kabla hajanunua kitana kipya alitembelewa na Bwana Mavere, Afisa Mkaguzi wa Vichwa. Bwana Mavere alikuwa na rula mfukoni na miwani mbili, moja ya kuonea na nyingine ya kukagulia.

"Bi Mwantumu," alisema akiwa bado mlangoni, "nimekuja kukupa pole kwa kuacha kazi na kukukumbusha Kifungu cha Arobaini na Moja." Akakisoma kwa sauti ya msiba: "Mwajiriwa akiacha kazi, hatasuka, hatafumua, hatachana, hatapaka mafuta, hatafundisha wala kushauri jambo lolote lihusulo nywele, za kichwani ama za penginepo, ndani ya Jamhuri, anga yake na maji yake, kwa maisha yake yote na mwaka mmoja wa ziada."

Mwantumu alidhani amesikia vibaya. "Na mwanangu je? Nani atamsuka?"

"Saluni zetu zipo kila mahali."

Kesho yake akampeleka Chiku saluni. Pale mlangoni akaambiwa, kwa adabu, kuwa jamaa wa mtu aliyeacha kazi hawahudumiwi, wasije wakapeleka siri nyumbani. Akaomba basi mtoto anyolewe. Kunyoa nako kulikuwa kazi ya kampuni. Wasusi wengine wote wa mji walikuwa wamesaini mikataba kama wake, na waliposikia jina lake walifunga madirisha.

Haikupita wiki, Mwalimu Mkuu akamrudisha Chiku nyumbani. Shule ya Jamhuri haiwezi, alisema, kufundisha hesabu kwenye kichwa kilichovurugika. Mtoto akakaa nyumbani siku nzima akitazama wenzake wakipita na mabegi yao.

"Mama, nimefanya kosa gani?"

"Hujafanya kosa, mwanangu."

"Basi wewe ndiye umefanya?"

Mwantumu alifunga mlango, akashusha pazia, akamketisha Chiku katikati ya magoti yake. Alikuwa amekusudia kusuka harakaharaka, mistari minne ya kumwezesha mtoto kwenda shule. Lakini vidole vilikuwa na njaa. Vikaanza kupinda, vikazunguka, vikakutana utosini na kuachana, na alipomaliza kichwa cha Chiku kilikuwa kama bustani iliyopaliliwa na mtu mwenye mapenzi. Chiku akajitazama kwenye kioo, akacheka peke yake.

Shuleni alidumu mpaka mapumziko ya saa nne. Bwana Mavere alifika na miwani yake ya pili, akapima njia za nywele kwa rula, akasema, "Huu ni mkono wa Mwantumu Pazi. Hakuna mwingine." Ikabidi ajizuie kusifia. Akafunga kwa uzi kibandiko chekundu kwenye msuko mmoja nyuma ya sikio na kutangaza kuwa nywele hizo sasa ni kielelezo cha kesi. Zisifumuliwe, zisioshwe, zisiguswe mpaka Mahakama itakapotoa hukumu.

"Na zikiwasha?" Chiku akauliza.

"Kielelezo hakiwashi," akasema Bwana Mavere.

Mwantumu alipopata hati ya kuitwa mahakamani alivaa khanga yake nzuri, akatoka kutafuta wakili. Jamhuri ya Wastani ina mawakili wengi, na wote walimpokea vizuri. Wa kwanza alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta machozi, kisha akaeleza kuwa aliwahi kufanya kazi katika ofisi nyingine ya uwakili, na alipoondoka alisaini kwamba hatamshauri mtu yeyote jambo lolote. "Sasa hapa umefungua ofisi ya nini?" Mwantumu akamwuliza. "Ya kusikiliza," akajibu. Wa pili alikuwa anaruhusiwa kushauri, ila si kwa maneno. Wa tatu alitikisa kichwa kabla Mwantumu hajakaa, akamwonyesha kidole upande wa sokoni.

Huko sokoni, nyuma ya duka la kutolea fotokopi, alimkuta Wakili Gervasi Sengondo akipiga mswaki. Alikuwa mtu mrefu, suti yake fupi. Mwantumu alimweleza yote.

"Na wewe umesaini wapi?" akamalizia, maana alishachoka na machozi ya mawakili.

"Sijasaini popote," akasema Wakili Sengondo kwa aibu. "Sijawahi kuajiriwa. Niliomba kila ofisi, nikafeli kila usaili. Wanasema nauliza maswali badala ya kujibu."

Hivyo ndivyo ilivyogundulika kuwa katika nchi nzima wakili huru alikuwa mmoja, na uhuru wake alipewa na waliomkataa.

Wakili akaweka mswaki pembeni, akauchukua mkataba, akausoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye Kifungu cha Arobaini na Moja akakaa.

"Huu mwaka wa ziada ndio umenipendeza," alisema. "Wana wasiwasi ukifika ahera utafungua saluni." Kisha akawa makini. "Sikiliza, Bi Mwantumu. Mwajiri anaweza kumzuia mtu aliyeondoka asimharibie biashara. Hilo halina ubaya. Lakini lazima aseme kwa muda gani, na muda uwe wa kiutu. Lazima aseme ni wapi, na isiwe dunia nzima. Na zaidi ya yote awe na kitu cha kulinda, siri aliyokupa yeye, ambayo usingeijua kama usingefanya kazi kwake. Asipokuwa na kitu cha kulinda, basi halindi biashara. Anakufunga mikono tu."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kuzungumza na Mwantumu kuhusu mkataba ule kana kwamba ulikuwa umeandikwa kwa lugha anayoijua. Alisogea karibu. "Kwa hiyo tutashinda?"

"Sijui. Sijawahi kuwa na kesi," akasema Wakili Sengondo. "Ila nina hamu kweli kweli."

Siku ya kesi ukumbi ulifurika. Upande wa kampuni walikaa mawakili safu nzima, na nyuma yao wasusi wote wa mji, walioamriwa kuja wakiwa na sare na Msuko wa Wastani. Siwema alikuwa miongoni mwao. Macho yake na ya Mwantumu yalikutana. Siwema akainama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Mbele kabisa, juu ya kistuli, aliketishwa Chiku na kibandiko chake.

Jaji Anastella Mdoe alikuwa mama wa makamo, mkali, mwenye wigi jeupe la manyoya ya farasi lililoletwa na wakoloni na kusahauliwa kurudishwa. Alikuwa na desturi ya kujiita Mahakama.

"Mahakama inaona kielelezo kinajikuna," alisema. "Kielelezo kitulie."

"Kielelezo kinawashwa, shikamoo," akasema Chiku.

"Marahaba. Mahakama pia inawashwa na hili wigi, lakini inavumilia."

Kiongozi wa mawakili wa kampuni akasimama na kuzungumza kwa muda mrefu. Alieleza jinsi taifa lilivyokombolewa kutoka katika ushindani, jinsi mistari iliyonyooka inavyojenga raia walionyooka, na jinsi mama mmoja asiye na shukrani alivyopinda nywele za mtoto asiye na hatia. Wanaume wawili wa kampuni walipiga makofi pale walipoelekezwa. Kisha akamwita Bwana Mkumbwa athibitishe kuwa kampuni ina siri kubwa ambayo Mwantumu aliondoka nayo.

Wakili Sengondo akanyanyuka kumhoji. Suruali yake ilinyanyuka zaidi.

"Bwana Mkurugenzi, siri hiyo ni ipi?"

"Ni siri."

"Nimeelewa. Lakini ni ipi?"

"Nikiitaja haitakuwa siri, na nitakuwa nimejishindanisha mwenyewe."

Ukumbi ukanong'ona kwa heshima. Wakili Sengondo akakuna kidevu, akamgeukia Jaji. "Mheshimiwa, mteja wangu anaambiwa amechukua kitu. Hajaambiwa kitu gani. Anaomba Mahakama imsaidie kujua asiguse nini."

Jaji akafikiri. "Mahakama itanong'onezwa," akaamua.

Bwana Mkumbwa akapanda jukwaani, akaweka kiganja pembeni ya mdomo, akanong'ona kwenye sikio la Jaji. Jaji akakunja uso. "Hebu rudia." Bwana Mkumbwa akarudia, na kwa vidole akaonyesha kidogo. Jaji akavua wigi na kuliweka mezani, jambo ambalo halikuwahi kuonekana katika Jamhuri. Chini ya wigi alikuwa na nywele zake, za mvi, zimesukwa mabutu manne madogo.

"Mahakama imeambiwa siri," alisema polepole. "Siri ni kwamba, unagawa nywele mafungu matatu. La kulia unalipitisha juu ya la katikati. Halafu la kushoto."

Kila mwanamke mle ndani alikuwa anamkumbuka mtu: mama, bibi, shangazi, dada mkubwa mwenye vidole vikali. Halafu kicheko kimoja kikapasuka kutoka kwenye safu ya sare. Alikuwa Siwema. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili, kicheko kikatokea puani. Wa pembeni yake naye akaambukizwa, kisha safu nzima, na muda si muda hata mawakili wa kampuni walikuwa wanatetemeka mabega huku wakitazama chini.

"Mahakama ililelewa na bibi yake," Jaji akaendelea bila kucheka, "na bibi wa Mahakama hakuwahi kuajiriwa na kampuni yoyote." Akaahirisha kesi hadi wiki iliyofuata.

Sasa huko juu wakashituka. Katikati ya wiki hiyo gari jeusi lilisimama mbele ya nyumba ya Mwantumu, wakashuka wanaume wawili. Mmoja alikuwa Katibu wa Mtukufu Rais. Wa pili alikuwa Kiongozi wa Upinzani. Walikuwa wamepanda gari moja ili kuokoa mafuta. Mwantumu akawakaribisha kwenye benchi, akawapa soda, akamkonyeza Chiku aende kumwita Wakili.

"Mama," akaanza Katibu, "kesi yako imefika mahali pa hatari. Kifungu hiki kikivunjwa kwenye nywele, kesho kitavunjwa kwenye mikate. Keshokutwa…" Akamtazama mwenzake.

"Keshokutwa nitavunjwa mimi," akasema Kiongozi wa Upinzani kwa huzuni. "Unajua, mama, mimi niliwahi kuwa waziri. Nilipoondoka serikalini nilisaini kama wengine. Siruhusiwi kushindana na mwajiri wangu wa zamani. Kwa hiyo naongoza upinzani, ila sipingi."

"Na uchaguzi?" Mwantumu akauliza.

"Nagombea kila mara. Jina langu hupigwa chapa kabisa kwenye karatasi ya kura, na chini yake pameandikwa: asichaguliwe. Ni maisha mazuri, mama. Nina ofisi, nina dereva, nalala mapema. Kifungu kikifutwa itabidi nianze kuzunguka mikoani nikisema mambo. Mambo gani? Sina mambo!"

Katibu akatoa mfukoni kibali kilichotiwa saini tayari. Kwa huruma ya Serikali, Mwantumu angeruhusiwa kusuka kichwa kimoja, cha mwanawe, na kesi ingefutwa siku hiyo hiyo. Chiku angefumuliwa na kuoshwa jioni.

Chiku alikuwa amesharudi na Wakili Sengondo, anahema, anajikuna kwa kijiti cha kiberiti. Mwantumu akamtazama. Kwa kweli neno "sawa" lilikuwa limefika ulimini. Alikuwa amechoka. Kichwa kimoja kilimtosha. Nchi si ya kwake peke yake.

Wakili Sengondo hakumshauri kitu. Aliuliza swali tu. "Kibali hiki kinaisha lini?"

"Siku mtoto atakapoolewa," Katibu akajibu kwa furaha. "Siku hiyo bibi harusi atahudumiwa na kampuni. Twende kilioni, bure kabisa."

Mwantumu akaiona siku hiyo. Akamwona Chiku mkubwa, amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mtu mwenye sare, na yeye mama mtu amesimama nje ya kioo mikono imekunjwa. Hasira ilimpanda taratibu, kama maziwa jikoni.

"Malizeni soda," alisema.

"Na kibali, mama?"

"Mtampa mwenye binti ambaye hataolewa."

Wakamaliza soda. Kiongozi wa Upinzani aliondoka akiwa mnyonge kuliko Katibu.

Jaji Mdoe alisoma hukumu bila wigi. Alisema Kifungu cha Arobaini na Moja hakina mwisho kwa wakati, hakina mpaka kwa mahali, na hakilindi siri yoyote isipokuwa ile ambayo Mahakama ilifundishwa ikiwa na umri wa miaka minne. Kwa hiyo ni batili. Mwantumu yuko huru kusuka popote, kwa yeyote. Halafu, kwa kuwa naye alikuwa na pensheni ya kuangalia, akaongeza kwamba hukumu hii ni ya nywele peke yake, na mtu asije akaipeleka kwenye mkate, gazeti wala uchaguzi. Lakini sentensi hiyo haikusikika. Ukumbi ulikuwa tayari unapiga vigelegele, na mwandishi wa gazeti alikuwa ameshatoka mbio.

Mwantumu hakungoja kufika nyumbani. Alikaa kwenye ngazi za Mahakama, akamweka Chiku katikati ya magoti, akakata kibandiko kwa meno, akaanza kufumua. Bwana Mavere akasogea akasema kielelezo ni mali ya Serikali mpaka rufaa. Wanawake waliokuwa pale wakamgeukia wote kwa pamoja. Akakumbuka kuwa ana kikao.

Basi nchi ikaingia katika machafuko ambayo Mtukufu Rais alikuwa ameyatabiri. Mkate wa pili ulitokea madukani, na watu walisimama mbele ya mikate miwili wakitokwa jasho kwa kutojua wafanye nini. Gazeti la pili likatoka na kusema la kwanza ni la uongo, la kwanza likasema hivyo hivyo, na kwa mara ya kwanza yote mawili yakasema kweli. Timu ya pili ya mpira ikaundwa na vijana wa bandarini. Ikaifunga timu ya taifa mabao ambayo heshima inazuia kuyataja. Kiongozi wa Upinzani alikwenda nje ya nchi kutibiwa koo. Na inasemekana Mtukufu Rais aliwaita washauri wake akawauliza, kwa udadisi tu, kura huombwaje, na hakuna aliyekumbuka.

Mwantumu yeye alitandika mkeka barazani, na vilemba vikaanza kuja. Alipinda, alizungusha, alijenga minara. Mteja akimwomba twende kilioni alimsuka pia, maana kila mtu na kichwa chake. Alikuwa na furaha, na furaha hiyo ilidumu mpaka asubuhi moja aliposikia nyundo ng'ambo ya barabara. Akachungulia. Siwema alikuwa juu ya ngazi, amevaa gauni la njano, anapigilia kibao: SIWEMA MSUSI, MITINDO YOTE.

Mwantumu alisahau kitana kwenye kichwa cha mteja. Alivuka soko zima bila kusalimia mtu, akaingia nyuma ya duka la fotokopi, ambako siku hizi palikuwa na foleni.

"Wakili, huyu mtu hana haki!" alisema. "Mkabala na mlango wangu! Nilipokuwa nasumbuliwa alijifunga kiatu asichokivaa, leo anakuja kunichukulia wateja! Mtaa mzima huu hakuona pengine? Hakuna sheria? Hakuna hata kifungu kidogo tu, cha muda mfupi?"

Wakili Sengondo akamtazama tu, kalamu mkononi, kwa upole mkubwa. Watu wa kwenye foleni nao wakamtazama.

Mwantumu akasikia alichokisema. Maneno yake yalikuwa bado yananing'inia chumbani, na yalikuwa na sauti ya Bwana Mkumbwa. Akaweka mkono mdomoni. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, kikamwangusha kwenye kiti. Akacheka mpaka khanga ikalowa machozi, na Wakili akacheka naye ingawa kwa kazi yake hakupaswa.

Alirudi taratibu. Alimalizia kichwa alichokiacha, akaomba radhi. Kisha akasimama barazani akatazama ng'ambo. Siwema alikuwa na mteja mmoja, msichana wa chuo, na alikuwa anamsuka kitu ambacho Mwantumu hakuwahi kukiona maishani mwake: msuko mwembamba uliokwenda kama unataka kuondoka, ukabadili mawazo, ukarudi kwa njia nyingine. Alijaribu kuufuata kwa macho, ukampotea. Wivu ulimchoma, wivu safi wa kazi, ambao hakuwa ameusikia tangu alipokuwa msichana.

Msichana wa chuo alipoondoka akijishikashika kichwa, Mwantumu alivuka barabara. Siwema akamwona, akashika nguzo ya baraza.

"Shoga," akasema Siwema, "kama umekuja kunitukana, nitukane. Nastahili. Ila kibao sikitoi."

"Usikitoe." Mwantumu akavuta mkeka, akakaa chini, akafungua kilemba chake. "Nisuke ule. Ule unaogeuka."

"Wewe? Nikusuke wewe?"

"Nisuke, nikaone kwenye kioo umeupitisha wapi. Kesho nitakusuka mzuri zaidi ya huo."

Siwema akasimama kidogo, kitana mkononi, kama mtu anayengoja kusikia filimbi. Kisha akakaa nyuma yake kwenye kigoda, akamshika kichwa kwa viganja viwili, akakisukuma mbele.

"Inamisha," alisema. "Na usichungulie."

Mwantumu akainamisha. Akachungulia.